Tiketi ya hoki Toronto bila kuuza kiwanja

Kama una ndugu Kanada hii ni yako, kama huna basi soma tu ucheke. Kuna kiu huwa inawashika wakishapiga baridi mbili tatu kule, wanaanza kutaka kuingia uwanjani kutazama hoki, na sio ile hoki ya nyasi ambayo Kenya ilimaliza ya nne kombe la dunia mwaka 1971, hapana, hii ni ya barafu, ligi inaitwa NHL, timu 32, majitu yamevaa viatu vya visu yanagombania paki, yaani kile kisahani cheusi cha raba, na wakikasirikiana wanavua glavu wanapigana ngumi marefa wanawatazama kwanza ndo wanaingilia. Watoto wakianza shule kule ndo kabisa, wanarudi nyumbani wanaimba jina la timu, na mzazi mtu wa Malindi anajikuta usiku anatafuta bei ya tiketi kwenye simu halafu anashika kichwa.

Huyu mzazi ni mtoto wa ami yangu. Yuko Toronto na mkewe na watoto wawili, anafanya kazi ghala moja ambalo ukiingia simu unaiacha kwenye loka mpaka shifti iishe. Akanipigia mwanzo wa Ramadhani ya 2025, hata salamu hajamaliza: "Kaka, hawa watu wanataka dola mia tatu kwa kiti kimoja, tena cha juu kabisa karibu na dari, Jumamosi. Niuze kile kiwanja cha Mayungu?" Dola ya Kanada wakati ule ilikuwa kama shilingi 90 hivi, piga hesabu mwenyewe, halafu zidisha kwa watu wanne.

Alinipigia mimi kwa sababu moja tu, kazi yangu ni kujaza vyumba. Nasimamia nyumba za wageni upande wa Casuarina, kutwa niko kwenye skrini za bei, napandisha nashusha, na kama kuna kitu nakijua duniani ni kwamba chumba kilicholala kitupu jana usiku hakiuzwi leo. Kimeshakufa. Ndo maana ikifika saa mbili usiku na sina mgeni, ile bei niliyoiandika asubuhi kwa kiburi naanza kuiona haina maana. Nikamwambia mtoto wa ami, mwenye kuuza hiyo tiketi ni mimi huyo wa saa mbili usiku. Paki ikishadondoshwa kwenye barafu ile tiketi yake ni picha tu kwenye simu. Kwa hiyo tusimkimbilie, tumsubiri aogope.

Yeye akagoma. Na namwelewa, mtu amekulia hapa, anajua basi la Nairobi Disemba ukilala siku moja nauli imepanda na kiti kimeisha. Sisi tumefundishwa na stage kwamba kuchelewa ni kuumia. Ikabidi nimweleze hizi tiketi za mkono wa pili zinatoka wapi, manake ukijua zinatoka wapi hofu inapungua.

Iko hivi. Kila timu ya NHL msimu ule ilikuwa inacheza mechi 82, nusu yake, 41, nyumbani. Wenye viti wengi ni watu wa tiketi za msimu, wamelipia mechi zote kwa mpigo. Sasa wewe niambie, nani ana nafasi ya kwenda mechi 41 kuanzia Oktoba mpaka Aprili, ana kazi, ana watoto, ana harusi za watu? Hakuna. Kwa hiyo anazipenda kumi na tano hivi, zile nyingine anaziuza apunguze maumivu ya ile hela aliyotoa. Toronto ndo wamezidi, ile timu yao ya Maple Leafs haijachukua kombe, Stanley Cup, tangu 1967, lakini foleni ya kusubiri tiketi za msimu ni ya miaka, na viti vya chini vingi vimeshikwa na makampuni yanayopeleka wateja wao. Ukitazama mechi kwenye TV utaviona, kipindi cha pili kinaanza na vile viti vya bei mbaya vitupu, wenyewe wako ndani kwenye vinywaji. Inauma roho.

Halafu wako walanguzi wenyewe, wa kazi, wana programu za kompyuta zinazobadilisha bei kila baada ya muda. Ulanguzi kule umevaa suti. StubHub, mtandao wa kuuzia tiketi za mkono wa pili, ulianzishwa mwaka 2000 na wanafunzi wawili wa biashara wa Stanford, eBay wakaununua 2007 kwa dola milioni 310, halafu mmoja wa wale wawili, Eric Baker, ambaye alishatoka akaenda kuanzisha mtandao mwingine wa namna hiyohiyo, viagogo, akarudi 2020 akainunua ile kampuni yake ya zamani kwa dola bilioni 4 na kidogo. Bilioni, kwa kuuza viti vya watu wengine! Mkoa wa Ontario, ambako ndo Toronto iko, walipitisha sheria mwaka 2017 ikapiga marufuku zile roboti za kununua tiketi kwa wingi, na ikataka pia mtu asiuze zaidi ya nusu juu ya bei ya mwanzo, lakini serikali iliyoingia 2018 ikaisimamisha hiyo sehemu ya nusu na 2019 ikaifuta. Kwa hiyo mwaka ule tunatafuta sisi ilikuwa muuzaji na roho yake.

Basi. Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba aisahau Jumamosi. Jumamosi kule ni siku ya hoki tangu enzi za redio, familia nzima inakaa kutazama, na wakija Montréal ambao ni mahasimu wa kufa na kupona ndo usiguse kabisa. Wakija Edmonton na nyota wao Connor McDavid usiguse. Wakija Pittsburgh na nyota wao mkongwe Sidney Crosby usiguse, kila mtu anasema labda ndo mara ya mwisho kumuona. Mwaka huohuo Alex Ovechkin wa Washington alikuwa anafukuzia rekodi ya magoli ya Wayne Gretzky, 894, akaivunja tarehe 6 Aprili kule Elmont, New York, na mechi za namna hiyo mtu hauzi kwa hofu, anauza kwa tamaa, na tamaa haina saa. Wewe tafuta Jumatatu mpaka Jumatano, timu isiyo na mvuto, au ya mkiani kama San Jose Sharks wa wakati ule, ambao msimu wa 2023-24 na 2024-25 yote miwili walimaliza wa mwisho kabisa. Mtoto wa miaka saba hajui Sharks ni wa mwisho. Ameona papa kwenye jezi, amefurahi.

Mkewe akasema yeye hatoki, baridi ya nje inamtosha hawezi kulipia nyingine ya ndani. Tukabaki na viti vitatu, na hapa ndo kuna balaa ambalo sikulitegemea.

Viti vitatu ni namba mbaya. Kimoja utapata rahisi mno, viwili vipo tele, vinne vipo, vitatu havipo. Kwa sababu watu wa msimu wananunua viwili viwili au vinne, na mwenye vinne hataki kukuuzia vitatu abaki na kimoja peke yake cha yatima, nani atakinunua, na ile mitandao inamruhusu kuweka sharti kwamba usimwachie kimoja. Kwa hiyo ukiandika watu watatu unaona bei imeruka, ukiandika wanne bei inarudi chini, unabaki unajiuliza kama kompyuta ina akili timamu. Ukiwa na watu wazima dawa ni kununua viwili na kimoja safu ya nyuma yake. Ukiwa na watoto wawili wadogo na baba mmoja huwezi kumweka mtoto peke yake na wageni, kwa hiyo dawa ni ileile, subiri mwenye vinne aogope akubali kuvunja.

Sasa mitandao yenyewe. Watu wananiuliza upi ni rahisi, jibu langu ni kwamba hakuna, tiketi ileile moja unaweza kuiona sehemu mbili tatu na bei tofauti, kwa hiyo fungua kadhaa kwa pamoja. Ticketmaster ndo kwenye akaunti ya timu yenyewe, na pale tiketi ya timu na ya mtu anayeuza tena ziko ramani moja, soma alama vizuri, manake kuna siku timu yenyewe bado ina viti vya bei ya kawaida na watu wanavipita wakikimbilia vya mlanguzi. SeatGeek wanakupa alama kila kiti, kama bei inafaa au unaibiwa, inasaidia kwa mtu asiyejua uwanja. TickPick wao wamejijengea jina kwa kukuonyesha bei ya mwisho hapohapo bila kukuongezea makato mwishoni. Gametime imejengwa kabisa kwa watu wa dakika za mwisho kama sisi. Lakini zote, narudia zote, usilinganishe bei ya ukurasa wa kwanza, nenda mpaka pale unapotaka kulipa ndo ulinganishe, kwani mchezo wao mkubwa miaka yote ulikuwa kuonyesha 70 halafu unafika mwisho unaona 96. Kanada sheria inakataza huo mchezo wazi tangu 2022, Marekani wakaja kuukataza kwenye tiketi tarehe 12 Mei 2025, ila wewe angalia tu.

Na dola! Hili wallahi ndo lilitaka kutupeleka pabaya. Mitandao mingine ni ya Marekani, inakuwekea bei ya dola ya Marekani hata kama mechi iko Toronto, na alama ni ileile ya S yenye mstari. Wakati ule dola 100 ya Marekani ilikuwa kama 143 za Kanada. Mtoto wa ami alinitumia skrinishoti ameruka juu amepata "ya rahisi", nikamwambia hebu angalia kule chini kona wameandika dola gani. Kimya. Halafu akatuma emoji ya mtu anajipiga uso.

Utapeli nao uko na ni wa kijinga kiasi kwamba unatia hasira. Rafiki yake mmoja wa kazini, mtu wa Ghana, alinunua viti viwili kwa mtu wa kwenye mtandao wa kuuziana vitu vya mtaani, jamaa akamtumia picha ya tiketi kwa simu, kafika mlangoni mashine imekataa. Tiketi za siku hizi za Ticketmaster ile alama ya kuskani inajibadilisha kila baada ya sekunde chache, picha yake haina thamani yoyote, hata kama ni ya kweli imeshapitwa. Tiketi halali inahamishwa, inatoka akaunti ya muuzaji inaingia akaunti yako kwa imeili, unaikubali, unaiona kwenye app yako na jina lako. Mtu akikwambia "nakutumia skrinishoti ndugu yangu usijali" wewe jali. Mfungie namba.

Watu wa kule Toronto wenyewe wakikupa ushauri watakwambia nenda Buffalo. Ni kweli, Buffalo ni kilomita 160 hivi, upande wa Marekani, Leafs wakicheza kule uwanja unajaa watu wa Toronto kwa sababu bei iko chini. Ushauri mzuri sana kwa mtu mwenye pasipoti ya Kanada. Sisi wa pasipoti ya Kenya mpaka kwanza utafute viza, ulipie, usubiri miadi, uulizwe unakwenda Marekani kufanya nini, useme kutazama hoki. Asante, tutasubiri hapahapa.

Basi siku ikafika. Siku ya kazi katikati ya wiki, timu iliyokuja haina jina kubwa. Kule walishasogeza saa zao mbele, kwa hiyo tofauti yetu imekuwa saa saba badala ya nane, mechi yao ya saa moja jioni kwangu ni saa nane usiku. Na kwa Ramadhani ile ni sawa kabisa, nimetoka tarawehe, nimelala kidogo, naamka mapema kuliko watu wa daku, nakaa barazani na laptop na bando, paka ananitazama. Mpango wetu ulikuwa rahisi, mimi macho, yeye kidole. Mimi naangalia bei zote, yeye ndo ana akaunti na kadi, akitoka kazini anachukua watoto anakwenda nao mpaka Union Station. Huo uwanja wao, Scotiabank Arena, umeshikana na stesheni ya treni, kuna njia ya ndani kwa ndani hutoki nje kabisa, kwa hiyo unaweza kusubiri tiketi ndani kwenye joto na watoto wanakimbizana, ukikosa unapanda treni unarudi nyumbani hujapoteza zaidi ya nauli. Hili ni muhimu kuliko mnavyodhani, manake anayesubiri nje kwenye baridi na watoto wanalia ndo anaogopa yeye kabla ya muuzaji, na hapo umeshashindwa.

Mchana wao vile vitatu vya juu, zile sekshen zenye namba za mia tatu, vilikuwa 150 kimoja. Saa kumi vimeshuka 120. Nikamwandikia "tulia". Saa kumi na moja na nusu vikapanda tena, 135, roho ikanidunda kidogo, lakini hili nalijua kazini kwangu, kuna wimbi la watu wanaotoka maofisini wananunua kwa pamoja halafu linapita. Yeye ananipigia, watoto nyuma wanauliza "Uncle anasema nini, Uncle anasema nini", namwambia subirini. Ikafika saa kumi na mbili na robo yao, namba ikaanza kuanguka, sio taratibu, inaanguka, 118, 104, 99, kila nikirefresh. Viti viwili viwili vilishafika 80 lakini vitatu bado vimegoma. Kulikuwa na vinne sekshen ya kona, safu ya nne, mwenyewe ameweka sharti lake la hataki kuvunjiwa. Nikavikodolea macho hivyo tu. Saa kumi na mbili na dakika kama arobaini hivi, nikirefresh naona ametoa sharti, sasa unaweza kuchukua viwili au vitatu, dola 88, makato ndani, dola ya Kanada, nimeangalia mara mbili. Nikampigia nikasema neno moja tu, "Chukua!"

Akachukua. Tiketi zikaingia kwenye simu yake kabla hajafika mlangoni.

Kona nilimchagulia makusudi, na hii nawaambia bure. Nyuma ya magoli kuna wavu mkubwa unaning'inia, ligi iliuweka lazima 2002 baada ya msichana wa miaka 13 kufariki kule Columbus kwa kupigwa na paki iliyoruka kwenye watazamaji, ni kitu cha maana sana, lakini ukikaa chini nyuma ya goli unatazama mechi nzima kupitia wavu. Juu kwenye kona unaona uwanja wote, unaona mchezaji anavyojipanga kabla hajapewa pasi, na kwa mtu asiyejua hoki ndo anaelewa kitu, ile paki ni ndogo na inakwenda kasi, ukiwa chini unaona migongo tu. Watu wanalipa dola mia nne wakae karibu na kioo wasione kitu.

Magharibi ya Toronto siku ile ilikuwa kama saa moja na dakika ishirini na kitu, kwa hiyo imemkuta kitini, kipindi cha kwanza kinaendelea. Alikuwa na tende mfukoni mwa jaketi. Anasema ametia tende mdomoni tu Leafs wakafunga, uwanja mzima umesimama na honi inalia, jirani yake mzee mmoja wa kizungu akamkumbatia, yeye anatafuna anasema bismillah. Watoto wakanirekodia video, inatingishika, barafu inaonekana nyeupe mpaka inaumiza macho, na ma'mkubwa ambaye alishaamka kupasha daku akaja kuchungulia begani kwangu akauliza hao watu wanapigania nini, nikamwambia kisahani, akasema "subhanallah, na watoto wamevaa soksi?"

Nikajumlisha baadaye. Vitatu dola 264, kama shilingi elfu ishirini na nne hivi. Sio pesa ndogo, msinielewe vibaya, hapa Malindi hiyo ni mshahara wa mtu mwezi mzima na zaidi. Lakini ni chini ya kile kiti kimoja cha Jumamosi alichokuwa ameonyeshwa mwanzo, ndo uone.

Sasa si kila siku itakwenda hivi. Kuna usiku bei inapanda mpaka mwisho, timu imeshinda sita mfululizo, wageni wamejaa mjini, mtu wa vinne hajavunja. Kwa hiyo uwe na pa kukimbilia. Toronto kuna Marlies, timu ya vijana wanaosubiri kupandishwa kwenda Leafs, wanacheza ligi ya chini inaitwa AHL, uwanja wao mdogo kidogo uko Exhibition Place, tiketi ni sehemu ndogo tu ya zile za Leafs na uko karibu mpaka unasikia visu vikikwangua barafu. Uwanja huohuo wanacheza wanawake wa Toronto Sceptres, ligi yao ya PWHL ilianza Januari 2024 na kusema kweli mimi nikipewa nichague kwa hela yangu mwenyewe ningekwenda huko, mpira, samahani paki, inatembea kwa pasi sio kwa kugongana tu. Shemeji naye kaona video za wale wanawake na yeye ambaye baridi ilikuwa inamtosha sasa anauliza viti vinne.

Mkisema kwamba nimejifunza hoki juzi, ni kweli, na nina wenzangu. Nairobi kuna timu, Ice Lions, vijana waliojifunzia kwenye kiuwanja kidogo cha barafu cha hoteli, mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada iliwapeleka kule wakacheza pamoja na Crosby mwenyewe na nyota mwingine wa NHL, Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Kwa hiyo ukikutana na mtu wa pwani anakuambia habari za hoki usimcheke.

La mwisho kwa wale mnaoniuliza habari za mtoano, zile playoff za kuanzia Aprili. Mimi nasema tazama nyumbani. Hofu ya muuzaji huko haipo kabisa, anajua Toronto watalipa, na walilipa, halafu Mei 2025 wakapigwa na Florida 6-1 mechi ya saba hapohapo kwao. Ukishikilia lazima uende, jua kitu kimoja, mechi za mwisho za raundi wanaziuza kabla hazijajulikana kama zitachezwa, kwa sababu anayeshinda mechi nne kwanza ndo anapita, na raundi inaweza kuisha kwa nne bila, na isipochezwa unarudishiwa hela. Soma tu masharti ya ule mtandao ulionunulia kama wanarudisha kwenye kadi au wanakupa vocha ya kununulia nyingine, mana vocha ya dola mia nne ya hoki ukiwa umeshahamia mji mwingine utaifanyia nini.